Akiba ya Njugu

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Neno hili ni kweli kwa elimu na kwa wema, lakini kwa chakula ni kweli tu ikiwa mwenye akiba anajua kuitunza. Katika kisiwa cha Pemba watu wengi wameweka njugu ndani kwa matumaini, na baada ya miezi michache wakafungua chombo na kukuta mali yao imeharibika.

Tuseme yuko mama mmoja upande wa Micheweni. Msimu wa karafuu umekwisha, naye amebakiwa na fedha kidogo aliyoipata kwa kuchuma. Ananunua debe moja la njugu nyasa, zile ambazo watu wa bara huziita karanga. Nia yake ni kuziweka mpaka masika, wakati kazi ni chache na fedha ni haba, kisha azikaange kidogo kidogo, azifunge katika vikaratasi, na mtoto wake aziuze. Basi anazitia njugu katika mfuko wa plastiki, anafunga mdomo wa mfuko kwa kamba, na kuuweka chini sakafuni, pembeni mwa chumba. Mwezi wa Mei anaufungua. Harufu ya uvundo yamjia usoni. Njugu za chini zimeshikamana, na nyingi zina unga wa rangi ya kijani.

Sasa afanye nini? Akizitupa, fedha yake imepotea. Akizichambua zile mbaya kabisa na kuzikaanga zilizobaki, huenda mnunuzi asijue lolote. Kabla ya kumjibu mama huyu, yafaa kwanza kujua ni kitu gani kilichoziharibu njugu zake.

Adui wa kwanza: maji

Njugu iliyotoka shambani ina maji mengi ndani yake. Ikikaushwa vizuri, maji hayo hupungua sana, na njugu yaweza kukaa miezi mingi. Isipokaushwa, au ikikaushwa kisha ikapata unyevu tena, huanza kuota ukungu.

Hewa ya Pemba ina unyevu mwingi, kwa kuwa kisiwa kimezungukwa na bahari, na mvua yake ni nyingi kuliko ya Unguja. Dalili yake yaonekana jikoni. Wakati wa masika chumvi iliyoachwa wazi hulowa yenyewe, wala hapana mtu aliyeimwagia maji. Hewa ndiyo iliyoileta rutuba hiyo. Njugu nazo hunywa maji ya hewa kama chumvi, ila hazionyeshi upesi. Na njugu zilizotiwa chumvi hulegea mapema zaidi kuliko zisizotiwa.

Watu wa Pemba hawana haja ya kwenda mbali kujifunza habari ya kukausha. Kila mtoto amewaona wazee wakianika karafuu juu ya majamvi, wakizigeuza jua linapopanda, na wingu likitokea wakizikusanya mbio. Anajua kwamba karafuu iliyokauka sawasawa huvunjika kwa sauti inapokunjwa. Anajua tena kwamba karafuu zikilundikwa kabla ya kukauka hupata joto ndani, huvunda, hubadilika rangi na kuwa nyeupe nyeupe, na bei yake hushuka. Basi, njugu zataka uangalifu uo huo.

Njugu zikishang'olewa huanikwa pamoja na maganda yake, juu ya jamvi safi au juu ya uchaga, wala si juu ya ardhi tupu, kwa sababu udongo una unyevu na una vijimea vya ukungu. Zigeuzwe mara kwa mara, na jioni ziingizwe ndani zisipate umande. Mtu akitaka kujua kama zimekauka, atwae chache azitikise karibu na sikio. Zilizokauka hulia ndani ya ganda. Kisha amenye moja aifikiche. Ikiwa imekauka, ngozi yake nyembamba hutoka upesi, na tembe yenyewe huvunjika kwa mlio, haipindi. Wataalamu hutaka njugu zilizomenywa ziwe na maji yasiyozidi sehemu 7 au 8 katika 100 za uzito wake.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni hili: njugu zilizotoka juani au katika kaango zisifungwe zikiwa na moto. Ziachwe kwanza zipoe. Zikifungwa na moto, mvuke wake hugeuka matone ya maji ndani ya chombo, na matone hayo yatosha kuanzisha ukungu. Kufunga njugu zenye unyevu katika chombo kizuri ni kama kufunga mlango kwa komeo hali mwizi yumo ndani.

Ukungu na sumu yake

Kama ukungu ungekuwa uchafu tu, mtu angeweza kuupangusa akala. Lakini kuna namna za kuvu ambazo hutoa sumu. Sumu mojawapo, iliyo mbaya sana, huitwa aflatoksini, na siku hizi katika Tanzania huitwa sumukuvu. Kuvu iitoayo hupenda njugu na mahindi kuliko vyakula vingine vingi. Mara nyingi ina rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano.

Habari za sumu hii zilianza kujulikana mwaka 1960. Mwaka ule katika Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, wala hapana aliyejua ugonjwa wao. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba ndege wale walilishwa mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil, na mashudu yale yalikuwa na kuvu. Hivyo ndivyo sumu ilivyotambuliwa.

Sumu hii haikukaa ng'ambo tu. Mwaka 2004, upande wa mashariki ya Kenya, hasa katika Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yaliyowekwa na unyevu. Watu 317 waliugua, na 125 miongoni mwao wakafa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania bara, watu kadhaa walikufa kwa sumu iyo hiyo. Wote hao hawakula chakula cha adui. Wengi wao walikula akiba ya nyumbani mwao.

Mtu akila sumukuvu nyingi kwa mara moja, ini lake huumia, macho yake yaweza kugeuka manjano, na huenda akafa. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, haoni kitu, lakini yaweza kumletea saratani ya ini. Na hatari huzidi kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini wa aina ya B. Kipimo cha sumu hii ni kidogo ajabu. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 katika kilo moja ya njugu. Hiyo ni kama gramu moja tu iliyotawanywa katika tani 100.

Tena yapasa kujua mambo mawili. La kwanza, sumu hii haina harufu wala ladha. Harufu ya uvundo ni ya ukungu, si ya sumu. Kwa hiyo njugu yaweza kuwa na sumu bila kunuka sana. La pili, moto wa jikoni hauiondoi. Kukaanga huua kuvu na kupunguza sumu kwa kiasi fulani, lakini hakuimalizi. Zaidi ya hayo, kukaanga huficha rangi mbaya, na kusaga huficha kila kitu. Njugu mbovu ikishatiwa katika kashata au katika mchuzi, jicho haliwezi kuitambua tena.

Liko jambo moja la kutia moyo. Sumu haienei sawasawa katika gunia zima. Mara nyingi njugu nyingi ni salama, na sumu imekusanyika katika chache: zile zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, au zilizogeuka rangi. Kwa hiyo kazi ya kuchambua njugu katika ungo, moja moja, kabla ya kuziweka, si kazi ya kitoto. Ni dawa. Wahenga wasemao kwamba samaki mmoja akioza wote huoza, walitaka yule mmoja aondolewe mapema.

Adui wa pili: hewa, joto na nuru

Hata njugu iliyokauka vizuri ina adui mwingine. Katika njugu nyasa na katika korosho, karibu nusu ya uzito wote ni mafuta. Mafuta hayo yakikutana na hewa kwa muda mrefu hubadilika na kuchacha. Joto na nuru ya jua huharakisha kazi hiyo. Njugu iliyochacha haina ukungu, na huenda ikawa nzuri kwa kuitazama. Lakini harufu yake ni kama ya rangi ya kupakia milango au ya mafuta ya kupikia yaliyokaa mno, na ladha yake ni kali yenye uchungu inayobaki kooni.

Kuchacha si sawa na kuota ukungu. Njugu iliyochacha haiui kama sumukuvu, lakini imepoteza utamu wake na baadhi ya vitamini zake, wala haifai kuuziwa mtu. Hewa huingia upesi zaidi pale ambapo njugu imefunguliwa. Kwa hiyo njugu yenye ganda hukaa kuliko iliyomenywa. Iliyomenywa hukaa kuliko iliyovunjika. Mbichi iliyokauka hukaa kuliko iliyokaangwa. Na njugu zilizosagwa ndizo za kwanza kuharibika. Mwenye busara humenya, hukaanga na kusaga zile tu anazozihitaji, na nyingine huziacha kama zilivyo.

Korosho pia zina mafuta mengi kama njugu nyasa. Mbibo uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, na tangu hapo umezoea pwani hii. Korosho ikiwa katika ganda lake gumu hulindwa vizuri, kwa kuwa hewa haipiti. Ikishabanguliwa na kukaangwa, sharti ifungwe barabara.

Adui wa tatu: wadudu na panya

Wadudu hutaga mayai katika njugu, na viwavi wao hula ndani. Dalili zao ni matundu madogo, unga chini ya chombo, na utando kama wa buibui unaozishikanisha njugu. Panya huacha mavi na mkojo, na chakula walichokichezea hakifai. Matundu ya wadudu ni mlango wa ukungu, maana pale tembe ilipotobolewa unyevu huingia. Hivyo adui hawa husaidiana.

Namna ya kuweka

Mtu akiwajua adui, kazi ya kuweka si ngumu. Njugu zikaushwe, zichambuliwe, zipoe. Kisha zitiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko cha kubana: chupa ya kioo, kopo la bati lisilo na kutu, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula. Chombo kijazwe mpaka juu, ili hewa ibaki kidogo ndani. Ni afadhali kuwa na vyombo vidogo vitano kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu chombo kikubwa hufunguliwa kila siku, na kila kikifunguliwa hewa ya masika huingia. Vyombo vidogo hufunguliwa kimoja kimoja, na vingine hukaa salama.

Vyombo viwekwe mahali pakavu, penye kivuli na ubaridi, juu ya ubao au uchaga, mbali kidogo na ukuta. Sakafu na ukuta hupitisha unyevu. Ikiwa njugu zimo katika magunia pamoja na maganda yake, magunia nayo yasiguse sakafu. Juu ya kila chombo iandikwe tarehe, na kilichotangulia kuwekwa kitangulie kuliwa. Katika majira ya mvua chombo kichunguzwe kila juma.

Nyumba yenye jokofu ina msaada mkubwa, maana baridi hupunguza mbio za kuchacha. Njugu zilizofungwa vizuri zikitiwa mahali pa kugandisha barafu zaweza kukaa mwaka mmoja. Lakini chombo kikitolewa katika baridi kisifunguliwe mara moja. Kiachwe kwanza kipate joto la chumba. La sivyo unyevu wa hewa utazishika njugu kama umande.

Njugu za dukani

Njugu nyingi zinazoliwa Pemba hutoka bara, kutoka mikoa kama Dodoma na Singida. Husafiri kwa gari mpaka pwani, kisha hupakiwa katika meli au jahazi. Safarini gunia laweza kulowa maji ya mvua au ya bahari, kisha likaanikwa na kuonekana kavu. Kwa sababu hiyo mnunuzi asitazame njugu za juu tu. Aingize mkono mpaka chini, atoe gao moja, alinuse.

Pakiti iliyofungwa ina uzuri wake, lakini si hirizi. Mnunuzi aangalie kama ina tundu, kama mshono wake umeachia, kama kuna matone ya maji ndani, na kama njugu zimeshikamana. Aisome tarehe iliyoandikwa. Tarehe hiyo ni ahadi ya pakiti ambayo haijafunguliwa na iliyowekwa mahali pazuri. Ikiachwa juani mlangoni mwa duka, au ikishafunguliwa, ahadi imekwisha. Njugu zilizobaki zihamishiwe siku ile ile katika chupa yenye kifuniko, na ziliwe mapema.

Namna ya kuzijaribu

Mtu anapofungua akiba yake ajaribu kwa mpango. Kwanza atumie jicho: ukungu, madoa meusi au ya kijani, kusinyaa, matundu, utando. Pili atumie pua: harufu ya uvundo kama ya nguo iliyolowa yaonyesha ukungu, na harufu ya rangi ya mlango yaonyesha kuchacha. Tatu atumie mkono: njugu nzuri ni ngumu na huvunjika, mbovu ni laini, hupinda au hunata. Mwisho kabisa, ikiwa hizo tatu zimekubali, atumie ulimi. Atafune moja, na ikiwa chungu aiteme asukutue kinywa. Haifai kuanza kwa ulimi, kwa kuwa njugu yenye ukungu haionjwi hata kidogo.

Jibu la yule mama

Sasa lile swali la mama wa Micheweni laweza kujibiwa. Kama angaliona njugu mbaya chache katika mfuko mkavu usionuka, angaliziondoa hizo, na nyingine angalizitumia. Lakini mfuko wake umelowa, wote unanuka uvundo, na ukungu umeenea. Njugu hizo hazifai kuchambuliwa. Asizikaange, asizisage, wala asiwape majirani. Tena asiwatupie kuku wala asimpe ng'ombe au mbuzi, kwa maana wanyama pia hudhurika, na sumu huingia katika maziwa. Azifukie chini katika shimo refu, mbali na watoto.

Hasara yake ni kubwa, wala si haki kumcheka. Debe lile lilikuwa jasho lake la siku nyingi juu ya mikarafuu. Lakini kikaratasi kimoja cha njugu zile kingaliweza kuingia mkononi mwa mtoto wa jirani, na mtoto mdogo hudhurika upesi kuliko mtu mzima. Fedha hutafutwa tena. Ini la mtoto halinunuliwi dukani.

Msimu wa karafuu utarudi. Hapo mama huyo atanunua debe jingine, atalianika juu ya jamvi lile lile analoanikia karafuu baada ya kulipangusa, atachambua kwa ungo, ataziacha njugu zipoe, na atazigawa katika makopo matano juu ya uchaga, kila moja na tarehe yake. Masika yatakapokuja na mvua zake, atafungua kopo la kwanza na kusikia harufu tamu. Hapo ndipo maneno ya wahenga yatakapotimia nyumbani mwake, kwamba akiba haiozi.

Maswali

1. Kwa nini chumvi hulowa wakati wa masika? Jambo hilo latufundisha nini juu ya njugu?
2. Eleza tofauti kati ya njugu iliyochacha na njugu yenye ukungu.
3. Kwa nini kukaanga hakutoshi kuiponya njugu yenye sumukuvu?
4. Mama wa Micheweni alikosea mambo gani alipoweka njugu zake mara ya kwanza?
5. Je, alifanya vema kutowapa kuku njugu zile? Toa sababu.
6. Waulize wazee wa nyumbani jinsi wanavyojua kwamba karafuu zimekauka, kisha andika majibu yao.